"Steringi hafi" na mengine yaapiwayo barazani

Isha ikishaswaliwa, kahawa ikaanza kumiminwa na runinga ya hotelini ikageuziwa njiani, Lamu haikosi wajuzi wa filamu. Toka Mkomani hadi Langoni kila baraza ina mwanachuoni wake wa Mr. Bean, wa picha za Kihindi na wa kina Aki wa Nigeria, na mengi yasemwayo yamerudiwa tangu enzi za mikanda ya video hata hakuna anayeyauliza tena. Tumeyachukua yale yanayosikika sana tukayaweka kando ya kazi yenyewe inavyofanywa. Mengine ni ya kucheka tu. Mengine yanawaponza vijana walioanza kupiga vichekesho kwa simu, na hayo ndiyo tumeyakalia.

"Kile kicheko ni cha mashine"

Ni kweli kwa baadhi. Vichekesho vya runinga vya kigeni hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuigiza mbele ya watu waliokaa kwenye viti, kamera kadhaa zikichukua kwa pamoja. *I Love Lucy* ya Marekani, iliyoanza Oktoba 1951, ndiyo iliyoupa nguvu mtindo huu: kamera tatu za filamu ya milimita 35, na watazamaji ukumbini. Sababu ya kuwa na kamera tatu ni kicheko chenyewe. Mzaha ukirudiwa ili kupata uso kwa karibu, watu hawacheki tena kama mara ya kwanza. Basi uso wa huyu, uso wa yule na chumba kizima vinachukuliwa kwa mpigo mmoja.

Njia ya pili ni kupiga kama filamu, kwa kamera moja, bila mtu wa kucheka. Hapo ndipo mashine iliingia. Charley Douglass, fundi sauti wa kituo cha runinga cha CBS, alibuni miaka ya 1950 sanduku lenye vitufe kama taipureta. Ndani yake mlikuwa na mikanda ya vicheko vya namna namna, cha kundi zima, cha mtu mmoja aliyechelewa kuelewa, naye akivichanganya kama mpiga kinanda. Aliitwa hata kwenye vipindi vyenye watazamaji wa kweli, kuziba mahali ambapo mkasi wa mhariri ulikata kicheko katikati. Kwenye *M\*A\*S\*H*, kichekesho cha hospitali ya jeshi vitani, watengenezaji walikubaliana na kituo cha runinga kwamba ndani ya chumba cha upasuaji kicheko kisiwekwe.

Ukitaka kutambua, achana na kicheko, mtazame mwigizaji. Akiwa na watu mbele yake, husita. Atajifanya anatafuta kijiko, atamkazia macho mwenzake, mpaka wimbi la kicheko lipite. Hangoji ukimya, maana ukimya ukishaingia mchezo umepoa. Huanza kusema kicheko kinapoanza kushuka.

Vijana wa vichekesho vya simu hukosea hapa kwa namna mbili. Hupakua kicheko na kukibandika kwa sauti sawa na ya mazungumzo, kisha hukikata ghafla kama bomba lililofungwa. Kicheko cha watu hakina ukingo. Huanza na mmoja wawili, hupanda, kisha huburura mkia. Kama hapana budi kukitia, kianze kitambo kidogo baada ya neno la mwisho, yaani fremu (picha moja moja za video) tano hadi nane hivi, kiwe chini ya sauti ya msemaji, na mkia wake uzimike polepole kwa sekunde moja na nusu. Kosa la pili ni kubwa zaidi: mwigizaji hakuacha nafasi. Kicheko kinamwangukia juu ya sentensi inayofuata na mzaha wa pili haukusikika. Kosa hilo haliponi kwa kuhariri. Lazima mrudi mkapige tena.

"Mr. Bean ni bubu, na vipindi vyake havihesabiki"

Vinahesabika kwa dakika moja. Ni 15, vilivyotengenezwa Uingereza kati ya 1990 na 1995. Vimerudiwa kwenye runinga zetu mara nyingi hata mtu huapa kuna mamia. Ya katuni, iliyoanza 2002, ni mfululizo mwingine. Na bubu si bubu: hutamka jina lake kwa sauti nzito ya kooni, na mara chache husema sentensi nzima.

Linaloponza zaidi ni lile la kwamba Rowan Atkinson "anajifanyia tu, hana mswada". Ana shahada ya uhandisi wa umeme, akaendelea na masomo hayo Oxford, na ukitazama kwa makini utaona mhandisi kazini. Mr. Bean aliandikwa na watu, Atkinson mwenyewe pamoja na Richard Curtis na Robin Driscoll. Kichekesho kisicho na maneno kinahitaji kuandikwa kuliko chenye maneno, kwa sababu hakuna sentensi ya kukuokoa. Kila tendo lazima lieleweke kwa macho: kitu kiko wapi, anakitaka kwa nini, kinamzuia nini. Mhusika wako akitafuta kufungua soda kwa siri msikitini, sharti tuone kwanza ukimya, tuone chupa, tuone aliyekaa karibu. Ukiruka kimoja, mtazamaji anauliza "kwani nini?" badala ya kucheka.

Kipimo cha haraka kwa anayeandika: zima sauti ya video yako, mpe mtoto wa miaka tisa aitazame. Akikueleza kisa bila kukosea, mpangilio uko sawa.

Uvumi wa kifo cha Atkinson nao umezunguka kwenye simu zaidi ya mara moja, na ulikuwa uongo. Mara nyingi chambo kama hicho huja na kiungo cha "tazama video". Usikibonyeze.

"Watu wa zamani walikuwa wakitembea mbio mbio"

Hili husemwa kila Charlie Chaplin akitokea, na wengine huongeza kwamba filamu zile zilitazamwa kimya. Ukumbini palikuwa na mpiga piano au bendi nzima.

Mwendo ule ni hesabu. Kamera za wakati huo zilizungushwa kwa mkono, aghalabu picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi iliwekwa 24, kwa kuwa sauti haivumilii kuyumba. Filamu iliyopigwa kwa 16 ikionyeshwa kwa 24 inakwenda mara moja na nusu. Hatua za sekunde kumi zinaisha kwa chini ya saba. Lakini si yote ni ajali ya mashine. Wachekeshaji wenyewe walimwambia mpiga kamera azungushe taratibu ili fujo ionekane kali. *The Gods Must Be Crazy* ya 1980 kutoka Afrika Kusini ilitumia mbinu hiyo hiyo, na ndiyo maana watu wanaokimbizana ndani yake wanafanana na vibaraka.

Jaribu kwa simu, pale ufuoni. Mrekodi punda aliyebeba mchanga akitembea, kisha ongeza kasi. Kwa 1.2 hakuna atakayegundua, anaonekana tu ana haraka. Kwa 1.5 watu wanacheka. Ukivuka 2 anakuwa siafu, na kicheko kinakata, kwa sababu jicho halimwoni tena mnyama mwenye uzito. Kumbuka pia kuwa kila kilichomo kwenye picha kinakwenda kasi: jahazi la nyuma likikimbia kama boti ya doria, siri imetoka.

"Aki na Pawpaw ni ndugu, tena watoto"

Chinedu Ikedieze, ndiye Aki, alizaliwa Desemba 1977, na Osita Iheme, ndiye Pawpaw, Februari 1982. Filamu iliyowapa jina, *Aki na Ukwa*, ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mmoja alikuwa amepita miaka ishirini na mwenzake amekaribia ishirini na mitano. Si ndugu. Sare za shule, kaptula na watu warefu waliosimamishwa kando yao vilifanya kazi iliyobaki.

Kuna la kuchekesha zaidi ambalo hata wanaobisha hawalijui. Wengi hudhani ile "na" kwenye jina ni Kiswahili, kwamba muuza kanda wa Mombasa ndiye aliyelibatiza. Ni Kiigbo, na maana yake ni ile ile. Ukwa ni tunda la mti wa kwao wa jamii ya shelisheli.

"Mzee Ojwang' alikuwa Mjaluo, na Mama Kayai mkewe"

Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang' na aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, Mama Kayai wa kichekesho cha runinga *Vitimbi*, alikuwa mkewe ndani ya mchezo tu. Lafudhi ile ya Kijaluo iliyowadanganya hata Wajaluo ilikuwa kazi ya sikio. Anayeiga lafudhi vibaya hukamata herufi moja na kuipiga nyundo, "s" badala ya "sh", basi. Wanjau alikamata mwendo: wapi sentensi inapanda, wapi mtu anavuta pumzi, neno gani linasukumwa mbele akikasirika.

Na hapa baraza ya Lamu ina haki ya kulalamika, kwa sababu upande wa pili wa sarafu ni "Mswahili wa runinga". Kila tamthilia ikitaka mtu wa pwani humvika kanzu, ikamtia "yakhe" na "walahi" kila sentensi, ikadhani imemaliza. Tuiangalie kwa karibu. "Yakhe" ni ya rafiki kwa rafiki. Tumeona mhusika akimwambia mama mkwe "yakhe". Kwa Lamu, huyo harudi tena kwenye nyumba hiyo. Kisha mhusika anaambiwa ni wa Lamu, naye anasema *macho, njia, maji, moja*. Mwamu aliyekulia mjini, akizungumza nyumbani, atasema *mato, ndia, mai, moya*. Mtu wa Mombasa ana yake, Mbajuni wa Faza ana yake, na Malindi nusu ya soko linasikika Kigiriama. Mwandishi wa mswada hahitaji kujua yote. Anahitaji kumpa mzee mmoja wa mtaa ule kurasa zake, amsomee kwa sauti, na anyamaze wakati mzee anasahihisha. Kazi ya saa mbili.

Onyo moja: ukiweka Kiamu cha ndani kabisa, mtazamaji wa Nakuru atapotea. Desturi inayofaa ni kumwachia mhusika maneno kumi au kumi na mawili ya kwao yanayojirudia na kueleweka kwa muktadha, mengine yawe Kiswahili cha wote, na mwendo wa sauti ubaki wa kwao.

"Steringi hafi"

Steringi, yaani mhusika mkuu wa picha, anakufa. Kwenye *Sholay*, picha ya Kihindi ya 1975, Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa, na wazee waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka ukumbi ulivyonyamaza. Imani ya kwamba hafi inatoka kwenye biashara zaidi kuliko hadithi: anayelipwa fedha nyingi ndiye anayevuta watu, na kumwua mapema ni kuwatoa watu ukumbini.

Kisa kinachofunga mjadala ni cha *Coolie*. Julai 1982, wakirekodi pigano mjini Bangalore, Bachchan aliumia vibaya tumboni kwa ngumi na kona ya meza akalazwa hali mahututi. Mswada wa awali ulimwua mhusika wake. Baada ya mwigizaji kunusurika, mwongozaji Manmohan Desai alibadilisha mwisho, na filamu ilipotoka 1983 steringi akaishi. Picha imesimamishwa pale pale alipoumia, na maandishi yanamwambia mtazamaji kuwa ndipo.

Kisa hicho kinajibu pia wale wasemao "zile ngumi ni za uongo, hakuna kuumia". Ngumi ya filamu hupita mbele ya uso kwa umbali wa shubiri au zaidi. Kamera hukaa nyuma ya bega la mmoja wao ili ngumi na uso viwe kwenye mstari mmoja, na nafasi iliyopo kati isionekane. Anayepigwa ndiye anayefanya kazi kubwa: hugeuza kichwa ngumi inapopita mbele ya pua, si kabla. Sauti huja baadaye. Hatari iko kwenye kuanguka, kwenye meza na kwenye sekunde moja ya kuchelewa.

Mkirekodi kwa simu na ngumi ikaonekana inapita mbali, tatizo ni lenzi. Lenzi pana ya simu, ukiisogeza karibu, hutanua umbali. Rudini nyuma hatua sita, vuteni picha kwa 2x, nafasi ile itajifunga. Msiweke kamera ubavuni mwa wapiganaji. Na fanyeni kwa nusu ya kasi mara tano kabla ya kasi kamili, mahali pasipo na baraza ya mawe nyuma ya anayeanguka.

"DJ anatutafsiria"

Kwenye mabanda ya video, filamu ya DJ Afro hujaza viti kuliko ile ile bila yeye. Lakini anachofanya si tafsiri. Ni mtu mmoja anayesema juu ya filamu nzima, akimpa steringi jina jipya, akimtania adui, akituonya mlango usifunguliwe. Sauti ya asili inateremshwa chini yake. Ukitaka kuona tofauti, itazame filamu hiyo tena ukiwa na maandishi chini: utakuta mazungumzo yaliyokuwa ya huzuni, wewe uliyacheka. Ni sanaa yake, na ina ndugu zake Tanzania na Uganda, ila usije ukaapa barazani kwamba "yule jamaa alisema hivi".

Kutia sauti ni kazi nyingine. *Doudou na Mama Wakwe Zake*, tamthilia ya Kichina iliyoonyeshwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011, ilikuwa na waigizaji wa Kiswahili kwa kila mhusika. Ugumu wa Kiswahili hapo ni irabu. Maneno yetu karibu yote yanaishia mdomo ukiwa wazi, na mwigizaji wa Kituruki au wa Kikorea anamaliza neno lake midomo imefungwa kwa "m" au "p". Mtia sauti mzuri hutafuta neno lenye *m*, *b* au *p* karibu na mwisho ili midomo ikutane. Ndiyo maana nyakati nyingine mtu anaambiwa "naam" mahali ambapo wewe ungesema "ndiyo".

"Mubashara ni sasa hivi"

Nyumba za Lamu zimebanana, na bao likifungwa utasikia ukelele wa mtaa wa pili kabla mpira haujafika golini kwako. Wengine husema jirani ana runinga bora. Runinga haina hatia. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi hula robo ya sekunde tu. Kinachochelewesha ni kubana picha na kuifungua, sekunde kadhaa. Mwenye kutazama kwa simu yuko nyuma zaidi, nusu dakika hivi au kupita, kwa kuwa picha hukatwa vipande vya sekunde chache na simu hungoja vipande kadhaa kabla ya kuanza. Dawa: zima ujumbe wa makundi, au hamia kwa jirani.

"Kichekesho ni cha watoto"

Angalia alama kwenye kona. Bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, KFCB, hutumia GE kwa wote, PG kwa mtoto aliye na mzazi karibu, kisha 16 na 18. Kichekesho kinaweza kupata yoyote. Na kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, runinga za kawaida hazitakiwi kuonyesha ya watu wazima. Banda la video nalo linahitaji leseni.

"Anaimba mwenyewe" na "ile ni sauti ya farasi"

Tuziweke pamoja, maana jibu ni moja: picha na sauti hazikuzaliwa siku moja. Kwenye filamu za Kihindi wimbo hurekodiwa studio kwanza na mwimbaji mwingine, kisha hupigwa kwa sauti kubwa mahali pa kuchezea na mwigizaji akafuatisha midomo. Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar, aliyefariki Februari 2022, waliimba kwa vinywa vya waigizaji wa vizazi kadhaa. Ishara ni pumzi. Anayepanda mlima akicheza na kuimba bila kuhema hata mara moja, haimbi.

Na kwato za farasi ni nazi. Mafundi wa kutia sauti wamegonga vifuu tangu zamani za redio, na pwani hii vifuu vinatupwa. Chukua kifuu kikavu kilichokatwa nusu kwa nusu, kikwaruze ndani kisibaki nyama, kijaze kitambaa kiasi ili kisilie kama ngoma. Kwa njia ya mawe, gonga kwenye kipande cha jiwe la matumbawe. Kwa ufuoni, tia mchanga mkavu kwenye sinia kina cha vidole viwili. Farasi akitembea hupiga nne zilizo sawa. Akikimbia hupiga tatu, kisha pengo.

Punda wa Lamu anahitaji kifuu kidogo zaidi, na mapigo mepesi yaliyokaribiana. Usihangaike kumrekodi punda mwenyewe kule njiani. Simu itakuletea injini ya boti, adhana ya mbali, mtoto anayeita "simila" watu wapishe, na kwato hazisikiki kabisa.